Kadi za Mzee wa Redio

Mama yetu alibebwa kwa machela kutoka kijijini hadi barabara ya Kaengesa. Aliyepanga safari ile alikuwa jirani yetu, mtu ambaye kijiji kizima kilimwita Mzee wa Redio. Aliongea hewani asubuhi, gari la misheni likaja likasubiri barabarani, na wanaume wakapokezana miti ya machela kwenye tope bila mtu kuombwa mara mbili. Mama alifika hospitali Sumbawanga akiwa hai. Alifariki siku chache baadaye, lakini alifariki kitandani, amefunikwa shuka safi, na daktari amemgusa. Kwa miaka mingi nilidhani hilo ni jambo la kawaida, kwamba mtu akizidiwa watu wanakuja. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa analishughulikia kila siku ili liendelee kuwepo.

Baba alikuwa ametangulia. Matanga yalipoanuliwa, wajomba na baba wadogo walikaa uani wakaanza kutugawana. Mdogo wangu wa kiume angekwenda Chala kusaidia duka la mjomba, wale wawili wa mwisho wangetengana kwa shangazi zao, na mimi ningesubiri kuolewa. Nilikuwa darasa la sita. Nilisimama mbele yao nikasema hatugawanyiki, nitalima. Walicheka, halafu wakakasirika, halafu wakaenda zao. Shule sikurudi tena. Katika watu wazima wote wa pale, aliyekuja kesho yake kuniambia nimefanya sawa ni Mzee wa Redio peke yake, na alikuja na jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuona shamba mnaanzia wapi."

Aliniita mama tangu siku ile, ingawa nilikuwa mtoto.

Alikuwa amejifunza mitambo ujanani kwenye karakana ya misheni, akafanya kazi ya redio serikalini mpaka akastaafu, kisha akarudi Ufipa na kasha moja la chuma la rangi ya kijivu. Waya wake ulitoka dirishani ukapanda kwenye mikaratusi miwili nyuma ya nyumba. Wengi walidhani ni redio ya upepo kama zile za misheni na polisi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini yeye alikuwa mtu wa redio ya ridhaa. Maana yake, kama alivyonieleza, ni mtu anayezungumza hewani kwa kupenda tu, halipwi na wala hauzi kitu. Leseni yake ilitundikwa ukutani kwenye fremu, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mawimbi ya misheni aliruhusiwa na padre kuyatumia kwa ajili ya wagonjwa, na hayo aliyashika asubuhi, saa ambayo vituo vyote vya uwandani viliitana kimoja kimoja na kujulishana nani anaumwa, gari liko wapi, daraja gani limezolewa. Alasiri, akitoka shambani, alizungusha kifundo cha mashine akawatafuta rafiki zake wa mbali.

Kazi yangu ilianza na betri. Niliifunga kwenye baiskeli nikaipeleka Majengo kuchaji, na kama mdogo wangu alikuwa na nafasi tulikwenda wawili tukapokezana vilima. Baadaye mzee alinifundisha kukaa kwenye saa ya asubuhi anapokuwa shamba la mbali. Sikiliza kwanza. Taja jina la kijiji mara mbili. Mwenzako akiongea, usiguse kitufe. Usibishane na mtu hewani, kwa sababu wanaosikia ni wengi na mgonjwa ni mmoja. Kwa malipo aliniachia kipande cha bondeni, nikalima ulezi, na wadogo zangu walikua wakila ugali wa ulezi ule.

Machela yenyewe ilikuwa na kikundi, naye ndiye kiongozi wake. Wabebaji hawakulipwa. Ila palikuwa na desturi. Nyumba ya mgonjwa, akipona au akizikwa, ilipika pombe ya ulezi, ikawaita wale waliobeba. Ilikuwa kama vile mtu anavyopika pombe akaita majirani wamlimie, na kwetu iliitwa pombe ya mabega. Ulezi huloweshwa, huota, huanikwa, husagwa, hupikwa; pombe si kitu cha kuharakisha, kwa hiyo mbebaji alibeba leo akiamini tu kwamba itapikwa. Sikumbuki nyumba iliyokwepa. Hata sisi yatima tulipika. Wanaume wale walikaa uani kwetu, wakanywa kwa adabu, na yule aliyekuwa akibeba mbele siku zote, mtu mrefu mwenye sauti kubwa, akamwimbia mama wimbo wa kuaga.

Walipenda kumtania mzee.

"Mzee, waulize hao Wazungu wako kama kuna mmoja mwenye mfuko wa mbolea wa ziada."

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

"Wamesema mfukie majani kama babu zenu, mpunguze kelele."

Utani wa mbolea ulikuwa na uchungu wake. Miaka ile chama cha ushirika kilikuwa kinakufa mbele ya macho yetu. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao, wakanunua mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mbolea tuliyozoea kukopeshwa ikawa kitu cha dukani. Hospitalini tukaambiwa tuchangie. Nguo za mitumba zilifika mpaka kwetu, kila mtu akawa amevaa vizuri kuliko zamani, na kila mtu akawa anafikiria namna ya kupata fedha. Silaumu. Na mimi nilikuwa nafikiria hivyo hivyo.

Ndipo mradi ulipokuja. Gari jeupe lilisimama kwenye ofisi ya kijiji, wageni wakasifu kikundi cha machela, wakasema hakuna walikoona kitu kama kile. Mzee alifurahi sana. Walileta machela mpya za turubai, makoti ya mvua na fulana. Wakawapeleka wabebaji mjini kwenye semina, na kwenye semina kukawa na posho. Baadaye kila safari ya mgonjwa ikawa na posho yake, mtu anatia sahihi anapokea. Mzee alisema watu wale wanastahili, wamebeba miaka mingi. Pombe ya mabega ikaachwa, hakuna aliyetangaza kwamba imeachwa. Nyumba ya mgonjwa iliona wabebaji wamekwisha kulipwa, ya nini tena kulowesha ulezi?

Mradi ulipokwisha, wageni walikuja kuaga. Walitupigia makofi, wakasema, "Sasa mradi huu ni wenu." Gari jeupe likageuza.

Mwanzoni wabebaji walikuja, ila kwa kuchelewa. Halafu wakaja nusu. Mzee alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu warudishe pombe. Nyumba mbili zikapika. Pombe ikanywewa ikaisha, lakini alipoita watu kwa mgonjwa aliyefuata, waliokuja hawakutosha hata kubadilishana mabega.

Hapo ndipo habari ya kadi ilipoanza.

Watu wa redio ya ridhaa wana desturi yao. Mkishazungumza, kila mmoja humtumia mwenzake kadi kwa posta kuthibitisha kwamba kweli walisikilizana. Kadi za mzee zilikuja kupitia sanduku la parokia. Zilikuwa nzuri, nyingine na picha ya mlima wenye theluji, nyingine na bendera, zote na herufi kubwa na namba. Alizibandika ukutani kuzunguka mashine. Kwa miaka yote zilikuwa mapambo tu. Mradi ulipoondoka, watu wakaanza kuziangalia kwa jicho lingine.

Alasiri moja walikuja wabebaji wanne, yule wa mbele akiwa msemaji wao. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

"Hatukai. Tumekuja kuuliza kidogo tu."

"Mwenye kuuliza ndiye hukaa. Mwenye haraka ndiye husimama."

Wakacheka, wakakaa.

"Mzee, hizi kadi zinatoka Ulaya."

"Nyingine Ulaya, nyingine Japani. Ile pale Afrika Kusini."

"Zinakuja na nini ndani?"

"Hazina ndani. Ni kadi. Mtu nimezungumza naye, ananiandikia kwamba tumezungumza."

"Mmezungumza, halafu anaandika kwamba mmezungumza."

"Ndiyo."

"Kwani wewe ulikuwa hujui?"

Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Lakini yule wa mbele alikuwa ameinuka, ameweka kidole kwenye kadi moja.

"Hapa pameandikwa hamsini na tisa. Hamsini na tisa ya nini?"

"Ni nguvu ya sauti. Maana yake alinisikia vizuri kabisa."

"Sauti ina namba? Yangu mimi ni ngapi?"

"Yako haihitaji mashine. Ungefungua dirisha tu."

Wenzake walicheka tena. Yeye safari hii hakucheka.

"Mzee, sisi si watoto. Mtu hawezi kununua stempu huko Ulaya, akabandika, akapeleka posta, ili amwambie mtu wa Ufipa kwamba sauti yake ni hamsini na tisa. Sema tu kwamba posho inakuja na wewe unaitunza. Tutakuelewa."

Nimefikiri sana juu ya maneno yale, na bado naona kwamba yalikuwa na akili ndani yake. Karatasi zote za nje tulizokuwa tumeziona zilikuwa zimekuja na fedha. Mtu anayezungumza na Ulaya kila alasiri, kwa miaka, bure, hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia. Na mzee, kwa kutaka kusafisha jina lake, alifanya jambo lililomharibia kabisa. Alimwalika yule wa mbele aje asikilize mwenyewe.

Alikuja, akakaa kwenye kiti changu. Mzee akaita, na baada ya mvumo mrefu sauti ikaja ikiwa safi kama ya mtu aliye chumba cha pili. Mzee akaongea naye kwa Kiingereza, wakacheka wote wawili. Yule wa mbele alitoka pale ametulia, akaenda kilabuni, akawaambia wote: "Nimewasikia kwa masikio yangu. Ni Wazungu wa kweli, na wanampenda."

Tangu siku hiyo kikundi cha machela kilibaki jina tu. Mzee aliendelea kushika saa ya asubuhi, lakini hata hewani watu walikuwa wanapungua. Mnara wa simu ulikuwa umesimama mjini, vituo vikawa vinanunua simu. Kila kimoja kilituaga vizuri, kikatoa namba, kikasema tutapigiana. Kwetu mtandao haukufika. Asubuhi nyingine mzee aliita vituo vyote kwa mpangilio ule ule wa zamani, akasubiri kila kimoja kwa muda wake, kisha akasema tu, "Hakuna mgonjwa leo," ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mvua zilipokuwa zimekolea, ngiri yake ya kinena ilimgeuka. Alikuwa nayo siku nyingi, akiifunga kwa mkanda wa kitambaa na kuirudisha kwa mkono. Asubuhi hiyo ilitoka ikagoma kurudi. Nilimkuta amelala ubavu, magoti kifuani, jasho likimtoka. Alikuwa amewapeleka hospitali watu wawili wenye ugonjwa huo huo, na alijua kama mimi kwamba anayewahi kupasuliwa hupona na anayechelewa hafiki jioni ya pili.

"Kaa kwenye mashine, mama," aliniambia. "Saa yao imefika."

Niliita misheni. Nikataja kijiji mara mbili. Nikaita kituo kinachofuata, na kinachofuata. Ulikuwa mvumo mtupu. Nilirudia mpaka saa ya kuitana ikapita. Ndipo nikazungusha kifundo kwenda kwenye mawimbi ya rafiki zake, nikaita kwa herufi zake za leseni kama nilivyomsikia akifanya.

Sauti ikajibu palepale. Mwanamume, Kiingereza, furaha tupu. Mimi Kiingereza changu kiliishia darasa la sita. Nilisema, "Mgonjwa. Mgonjwa. Sumbawanga, Rukwa, Tanzania." Akashika neno Tanzania, akalirudia kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Akasema maneno mengi. Katikati nikasikia "faivu-naini", ile hamsini na tisa ya kwenye kadi, na hilo nililijua. Alikuwa ananisikia vizuri kabisa. Nikasema tena kwamba kuna mgonjwa, tunataka gari. Akanishukuru.

"Ni nani huyo?" mzee aliuliza kutoka chumbani.

"Sijui, mzee. Anasema faivu-naini. Nivute kipaza sauti uongee naye?"

Nilikivuta. Waya uliishia mlangoni.

"Mwache," alisema. "Hata akielewa, huko aliko atamwita nani? Mshukuru. Usimwache mtu hewani bila kumshukuru."

Nikamshukuru kwa Kiswahili, nikazima.

Kisha nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingine walisema wanakuja, ngoja mvua ipungue. Yule wa mbele alikuwa ghalani kwake. Hakuwa na hasira. Alitabasamu hata.

"Si anaongea na Ulaya? Wamletee ndege."

"Mzee anakufa, kaka."

"Nakuja. Nimalizie hapa, nakuja."

Waliokuja walikuwa mdogo wangu, katekista wetu aliyekuwa mtu mzima tayari, na mfugaji mmoja Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake ukingoni mwa kijiji, ambaye hakuwahi kuwa mwanachama wa kitu chochote chetu. Ncha ya nne ya miti nikaishika mimi. Kwetu mwanamke hufuata machela na maji na unga, habebi. Katekista aliniangalia. Mfugaji akasema, "Katekista, ukimwangalia sana huyu tutachelewa. Inua."

Watu wanne hawana wa kubadilishana naye. Tulitembea kidogo tukatua, tukatembea tukatua. Mzee ndiye aliyetuongoza akiwa juu ya machela, kwa sauti ndogo, akituambia tupite juu ya mfereji badala ya kuuvuka chini, tubadilishe mabega kabla hayajauma. Nilitazama nyuma mara kadhaa. Njia ilikuwa tupu. Mchana ulikuwa umekwisha geuka tulipoifikia barabara ya Kaengesa, na barabarani hapakuwa na gari kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliita. Lori la mahindi lilipita likielekea upande usio wetu. Mdogo wangu alianza kukimbia kwa miguu kuelekea mjini.

Maumivu yalikuwa yamemwacha mzee, na sisi tulioketi pale tulijua kwamba hiyo si dalili njema.

"Mashine uliizima?" aliniuliza.

"Niliizima."

"Betri itakuwa imebaki nusu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Gari alilolipata mdogo wangu lilikuja jua likielekea kuzama. Tulilitumia kurudi naye nyumbani.

Siku ya mazishi walikuja wote. Makoti ya mvua ya mradi yalijaa uani, na yule wa mbele alibeba jeneza mbele, akaimba, na alilia kweli. Ndugu wa mzee waliotoka mjini walipekua nyumba. Waliinua godoro, wakatoboa dari, wakafungua kasha la mashine kwa bisibisi. Kadi zilibanduliwa moja moja kutazamwa nyuma. Hapakuwa na kitu, na watu wakasema basi fedha alizificha mahali pengine. Mashine ilichukuliwa. Waya wa mikaratusi ukakatwa, ukawa wa kuanikia nguo.

Mvua za mwaka uliofuata alikuja mlangoni kwangu kijana mmoja wa upande wa pili wa kijiji. Mke wake alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga alikuwa amekataa kuendelea naye. Aliniomba niite kikundi. Alidhani bado ninaye mtu wa kumwita. Nilimwambia mashine haipo na kikundi hakipo. Alibaki amesimama pale, maji yakimchuruzika, kana kwamba kuna neno la pili litakalofuata.

Nikachukua khanga nikajifunga kiunoni, tukaenda pamoja kugonga milango. Nyumba ya kwanza mwanamke alitoka akatuambia mume wake yuko shambani. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta, hapo hapo tuliposimama.